Ngozi ya Kenge Juu ya Mlango wa Friji

Wiki tatu zilizopita nilikabidhi funguo za chumba cha rangi, na ninyi wenzangu mliobaki mkaniomba niandike ninayoyajua kabla sijayasahau. Sawa. Vyeo sitaandika, maana karakana yetu ilikuwa na vyeo viwili tu, fundi na asiye fundi. Mshahara ni siri ya mtu na mfuko wake. Nitaandika kuhusu plastiki, unga wa mpira, thina na makosa yangu. Makosa nimeyahesabu mara mbili. Makubwa ni matano. Hapa nimeweka matatu, kwa sababu wenye yale mawili bado wako hai na wanapita dukani kwangu.

Kabla ya rangi nilikuwa nauza suruali za mitumba hapa Moshi mjini. Siku moja nikapeleka milango miwili ya kibanda changu kwa Fundi Elinami, mwenye karakana, aipake rangi. Tulipatana tabaka tatu. Nikageuza ndoo, nikaikalia, nikasubiri. Alipoweka bunduki ya rangi chini nikamwambia, "Fundi, hizi ni mbili."

"Tatu, mama."

"Ya kwanza ulipiga ukiongea na yule wa pikipiki. Ya pili ulipiga kimya. Ya tatu uliipiga lini?"

Akainua bunduki, akapiga ya tatu. Alipomaliza akasema bila kunitazama, "Suruali zikikataa kutoka, njoo Jumatatu. Nina watu watano hapa na hakuna anayeweza kuhesabu mpaka tatu."

Suruali zilikuwa zimekataa tangu Pasaka. Jumatatu nikaenda.

Siku ya kwanza sikupaka hata msumari. Niliosha bunduki kumi na moja kwa thina, nikazipanga, nikaziosha tena kwa sababu Fundi alizinusa. Thina ndiyo sabuni yetu, akaniambia. Chuma kikija, kifute kwa thina kwanza, kwa sababu rangi haishiki kwenye mafuta ya vidole. Nikaishika amri hiyo kama ya kanisani, na kwa miaka mingi haikunitupa. Mtaona iliponitupa.

Kazi yetu kubwa wakati huo ilikuwa mabodi ya pikapu na magari ya watalii. Barabara za milimani zinapiga mawe chini ya gari mpaka chuma kinabaki uchi, na mvua inamalizia. Dawa yake ni ile rangi nene yenye vinundu ambayo sisi tuliipa jina la ngozi ya kenge. Hupigwa kwa bunduki ya tundu pana, kwa upepo mdogo, kutoka mbali kidogo, ili itue kwa matone na si kwa ukungu. Ikikauka inakwaruza mkono. Jiwe likiipiga linaruka. Fundi Elinami alikuwa akipiga teke bodi iliyokauka mbele ya mteja. Wateja walipenda sana teke hilo. Mimi nilimhesabia: alipiga mahali palepale kila mara, penye nondo nyuma yake.

Kisha akaja daktari mmoja wa meno akiwa amebeba lori kwapani.

Lilikuwa na urefu wa mkono wangu, kuanzia kiwiko mpaka ncha za vidole, magurudumu ya mpira wa kweli, na bodi ya plastiki iliyopasuka pembe zote. Linaendeshwa kwa rimoti. Alisema yeye na wenzake hukutana Jumamosi kwenye machimbo ya mawe ya zamani, kule Kibosho, na kuyapandisha malori hayo juu ya miamba.

"Mnashindana nini?" nikamuuliza.

"Kufika juu."

"Mkifika?"

"Tunashuka."

Nikaona hawa ni wapanda mlima kama wengine, ila wao hawaumwi kichwa. Nikapokea kazi. Fundi Elinami alicheka wiki nzima kwamba nimegeuka fundi wa vikaragosi. Wiki iliyofuata yakaja malori manne, akaacha kucheka, akanunua meza ya pili.

Ngozi ya kenge ya pikapu haiwezi kuwekwa kwenye lori la rimoti kama ilivyo. Hili mlijue vizuri. Kosa langu la kwanza lilikuwa mchanga. Nilichanganya mchanga laini wa mtoni kwenye rangi, ikatoka nzuri mno, na lori la daktari likapanda mwamba wa kwanza, likageuka chali kama mende. Paa lilikuwa zito kuliko tumbo. Hapo ndipo nilipomshawishi muuza viungo mmoja sokoni aniachie mizani yake ndogo, ile iliyo mezani mpaka leo. Msipake bodi msiyoipima, na mkimaliza kupaka mpime tena.

Kosa la pili lilikuwa pumba. Nilitaka kitu chepesi, nikashuka Mabogini kwenye mashine ya mpunga, nikarudi na mfuko wa pumba, nikazisaga, nikazichekecha. Nyepesi kweli, na lori likapanda. Jumamosi mvua ikanyesha, pumba zikanywa maji, vinundu vikavimba, na malori matatu yakashuka kutoka Kibosho yana tetekuwanga. Daktari alisema hajawahi kuona ugonjwa ule kwenye plastiki.

Dawa niliipata kwa mafundi wa kukwangua matairi wanaoyavika mpira mpya. Chini ya mashine yao kuna unga mweusi wa mpira ambao wao huuona takataka. Nikauchekecha kwa chujio la chai. Mwepesi, haunywi maji, na jiwe likiupiga unabonyea na kurudi. Nikamwambia mwenye mashine nitamfagilia sakafu kila Ijumaa kama ataniachia takataka yake. Alidhani amenipata. Nilifagia miaka mingi, na mpaka leo sijamwambia ni ya nini.

Zile bodi za plastiki inayoonyesha ng'ambo tulizipaka kwa ndani, kinyumenyume: urembo kwanza, rangi ya bodi baadaye, na mwisho ngozi ya kenge iliyobandikwa juu ya vipande vya shashi ya hospitali kwenye pembe. Kwa nje tulipiga chini ya milango tu na ndani ya karai la nyuma, pale panapobebwa mzigo. Wengi waliotuiga walipaka nje kama gari, wakashangaa rangi inabanduka kama ganda la kitunguu. Sikuwaambia kitu. Mtu akiniuliza namwambia. Akinichungulia dirishani, namwacha achungulie.

Sasa nije kwa Mzee Venance.

Alikuja akiwa ameshikwa mkono na mkewe, Mama Gaudensia. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba akiwa ameelekea kwenye kompresa. Macho yake yalikuwa yanakwenda. Aliona mwanga na vivuli, akasema, na vivuli navyo vinaanza kufanana. Alikuwa amestaafu udereva wa lori la kubeba kahawa kutoka mlimani. Kabla macho hayajaharibika sana alikaa karibu mwaka mzima akitengeneza lori lake lilelile kwa udogo: kabini, bodi, mpaka ngazi ya tandiboi nyuma. Alilikata kutoka kwenye plastiki ya ndani ya mlango wa friji bovu. Paa alilikunja kwa maji ya moto. Chini aliweka magurudumu na mota alizouziwa na daktari wa meno.

"Nataka hiyo ngozi yenu," alisema. "Jumamosi ya wiki ijayo napanda machimbo. Nitaanguka, hilo halina ubishi. Nataka lianguke na lisivunjike. Macho ya kutengeneza jingine sina."

"Nipe siku tano, mzee."

"Tatu."

"Nne, na nakupigia tabaka mbili nyembamba."

"Mtu wa Mwika wewe," akasema. Alikuwa amenisikia lafudhi. "Nne. Lakini ukiliongezea uzito, nitajua."

Walipoondoka nililiweka mezani nikalitazama kwa muda. Nimeona magari mengi. Lile lilikuwa na kibao cha namba, lilikuwa na kishikio cha mlango chembamba kama punje ya mchele. Kisha nikafanya nililofanya kwa kila kilichowahi kuja mezani kwangu. Nikalowesha kitambaa kwa thina, nikafuta paa. Na kwa kuwa nafanya kila kitu mara mbili, nikafuta tena.

Nikaenda kutafuta tepu ya kuzibia madirisha. Niliporudi paa lilikuwa limepauka, na palipokunjwa kwa maji ya moto nyufa mbili zilikuwa zimefunguka zenyewe, mmoja karibu kutoka mbele mpaka nyuma. Wa tatu niliusikia ukilia ulipofunguka mbele yangu. Sauti ndogo, kama ukucha kwenye sahani.

Nawaambia ukweli kilichonijia kwanza. Ngozi ya kenge huficha kila dhambi. Nilizibana nyufa kwa gundi ya haraka, nikajaza bunduki, nikasimama nayo mkononi. Tabaka mbili tu, na hakuna binadamu ambaye angejua, achilia mbali mzee asiyeona. Lakini naijua rangi yangu. Ikikauka hujikaza, na ikijikaza huvuta. Gundi ile ingeshika mpaka mwamba wa kwanza, kisha paa lingefunguka kama kopo. Na Mzee Venance asingesema fundi ameniharibia. Angesema mikono yangu iliunga vibaya. Angekufa akiamini hivyo.

Nikairudisha rangi koponi, nikaenda kwa Fundi Elinami. Yeye alikuwa ameshastaafu, anafuga ng'ombe wawili nyuma ya nyumba. Nikampa kipande kidogo kilichobanduka kwenye ufa, akakikwangua kwa kucha, akakinusa.

"Plastiki hii ikila thina inakuwa uji," akasema. "Uji ukikauka unarudi kuwa plastiki. Unaziba nyufa kwa mwili wake wenyewe."

"Mwili wake nitautoa wapi?"

"Mlango wa friji uliobaki uko kwa mwenyewe." Akaniangalia. "Ulidhani utapita nyuma? Hakuna nyuma. Subiri nivae viatu."

Alitoka na jani la isale alilolikata kwenye mpaka wa kiwanja chake, akalifunga fundo. Wasiotoka kwetu niwaambie: isale ni jani la kuombea msamaha. Ukilipeleka limefungwa fundo, na mtu mzima pembeni yako, uliyemkosea hana ruhusa ya kukufukuza. Watu wamesamehe damu kwa jani hilo. Nilimuuliza Fundi kama si kubwa mno kwa lori la rimoti.

"Wewe unataka dogo kiasi gani?" akasema. "Tupunguziwe?"

Tukapanda Kibosho. Kichagga cha Kibosho na cha kwetu Mwika ni ndugu wasiotembeleana, kwa hiyo mambo mazito tunayamaliza kwa Kiswahili. Mzee Venance alikuwa amekaa mlangoni, mkewe akichambua maharage kwenye ungo. Nikamwekea jani kwenye viganja kwa mikono miwili. Akalipapasa, akafika kwenye fundo, akasimamisha vidole.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu, mzee. Nimepasua paa la lori lako. Nililifuta kwa thina bila kuuliza ni plastiki gani. Nyufa ni tatu."

Mama Gaudensia akaweka ungo chini. "Isale kwa gari la rimoti," akasema. "Kuna watu hapa wamesogeza mpaka wa shamba letu la kihamba, hawajaleta hata jani la mgomba."

Mzee hakucheka. "Ungelipaka ukaniletea, ningejua?"

"Usingejua."

"Na likipasuka pale machimboni?"

"Ungedhani ni kazi yako."

Akalizungusha jani kwenye vidole. Kisha akasema, "Jani nimelipokea. Siwezi kulikataa na wewe unajua siwezi. Lakini kazi utaifanya hapa. Mezani kwangu. Mkono wangu ukiwa juu yake."

Nikafungua mdomo. Karakana ilikuwa na mabodi sita yanasubiri, na nilikuwa na hoja nzuri: anipe plastiki, nikafanyie mjini kwenye joto, nitamrudishia siku moja kabla. Fundi Elinami akanikanyaga mguu.

"Aliyeleta isale hapatani masharti," akasema.

Ni mara ya pekee katika miaka yangu yote ya kazi nilipokubali sharti la kwanza.

Nilikwenda siku tatu. Asubuhi ya kwanza niliyeyusha vipande vya mlango wa friji kwenye thina ndani ya chupa, nikavikoroga mpaka uji ukawa mzito kama mtori wa ndizi uliolala. Nikajaza ufa wa kwanza, na ukungu wa Kibosho ukaingia mlangoni, uji ukageuka mweupe na kuvunjika kama chaki. Unyevu. Nikaukwangua wote. Tangu hapo tulisubiri saa sita mchana, jua lipige meza, na asubuhi nikamsaidia Mama Gaudensia maharage. Alinisifu kwamba sichukui yaliyotobolewa na wadudu. Nilikuwa nimeyahesabu.

Mzee Venance aliweka kidole gumba mbele ya mkono wangu kila nilipokwenda. "Usijaze bado," akasema. "Mwisho wa ufa uko wapi?"

"Hapa."

"Hapana. Unaendelea. Uko hapa." Na kweli, nilipowasha tochi niliuona, mwembamba kama unywele, ukiwa umenipita upana wa kidole. "Toboa tundu hapo. Ufa usiotobolewa mwisho ni lori lisilo na breki, utajaza huku, lenyewe linateremka."

Tukatoboa matundu sita, mawili kwa kila ufa. Tukachimba mfereji kuufuata kila ufa, tukajaza uji, tukalaza shashi ndani ya paa na kuinywesha uji uleule. Ngozi ya kenge niliibadilisha. Badala ya rangi yetu yenye thina nilichukua rangi ya maji, ile inayovutika ya kuzibia mapaa yanayovuja, nikaitia unga wa mpira. Ndiyo mchanganyiko mnaoutumia leo kwenye plastiki zote ngumu, na watu wanadhani tuliuagiza kutoka ng'ambo. Na ile kanuni ya tone moja la thina mahali pasipoonekana, kisha usubiri na kutazama kabla ya kugusa bodi ya mtu, ilianzia kwenye meza ile.

Jumamosi nilipanda machimboni. Sikuwa nimealikwa. Daktari wa meno alikuwepo na lori lake, na wengine saba au wanane, na madereva wawili wa zamani waliokuja kumtazama mwenzao. Ilipofika zamu yake Mzee Venance alishika rimoti, na Mama Gaudensia akasimama nyuma ya bega lake akimwelekeza kama tandiboi anavyomwelekeza dereva anayerudi nyuma.

"Njoo. Njoo. Kata kulia. Kulia, Baba, nimesema kulia. Haya, njoo."

"Nina nafasi kiasi gani?"

"Kiganja. Njoo. Hapo kuna jiwe bovu, lipande taratibu."

Mwamba wa kwanza likapanda. Wa pili likapanda, na mmoja wa wale madereva akasema, "Gia moja hiyo, Venance, acha mbwembwe." Kwenye wa tatu gurudumu la nyuma likateleza. Lori likasimama wima, likafikiri, likaanguka chali, likapiga paa kwenye ncha ya jiwe, likabingirika mpaka chini kwenye kokoto. Nilihesabu mapigo manne. Mzee naye aliyasikia, kwa sababu aliteremsha rimoti.

Mguu wangu ulifika kabla yangu. Nililiokota, nikaligeuza. Ngazi ya tandiboi ilikuwa imepinda. Kwenye paa palikuwa na mkwaruzo mrefu, mpira umechanika, na chini ya mpira plastiki nyeupe, nzima. Nikampelekea. 

Akalishika kwa mikono yote miwili. Kidole gumba kikaanza mbele ya paa, kikapita ufa wa kwanza, kikapita wa pili, hakikusimama. Kikafika kwenye mkwaruzo, kikasimama hapo, kikaingia ndani, kikapapasa huku na huku.

"Huu ni wa leo?"

"Wa leo, mzee."

Akaukandamiza kwa nguvu. Paa halikulia. Akaninyooshea lori.

"Basi lirudishe pale chini," akasema. "Sijafika juu."